Kuandika manukuu ya Kiswahili kwenye katuni: mwongozo kwa mwanachuo mwenye laptopu na bando dogo

Nimepanga chumba Ng'ambo, hapa Tabora. Jioni mtoto wa mwenye nyumba huja kuangalia katuni kwenye laptopu yangu. Yuko darasa la tano. Katuni ni za Kijapani, sauti Kijapani, maandishi ya chini Kiingereza. Siku ya kwanza aliniuliza, "Kaka, kasemaje huyo?" Nikamwambia. Haijapita hata dakika: "Na huyu je, kasemaje?" Kipindi kilipoisha koo lilikuwa limekauka, na mtoto alikuwa ameelewa nusu tu, kwa sababu mimi nilikuwa nyuma ya picha muda wote. Usiku huohuo nikaanza kujifunza kuandika manukuu, yaani haya maandishi ya chini ya skrini ambayo wengi tunayaita sabtaito.

Mashabiki wa katuni za Kijapani huko Marekani walianza kazi hii miaka ya 1980 kwa kanda za VHS, wakitafsiri wenyewe kile ambacho hakuna kampuni iliyokuwa inawatafsiria. Sisi tumezoea njia nyingine: mtu anasimulia juu ya sauti ya filamu, na vibanda umiza vimejaa kazi za namna hiyo. Mimi nayapenda masimulizi hayo, lakini manukuu yanafanya jambo ambalo msimulizi halifanyi. Yanakuachia sauti ya mwigizaji, na yanamfanya mtoto asome. Kwa mwanachuo anayechukua somo la tafsiri, dakika moja ya manukuu itakuonyesha maana ya tafsiri ya kimawasiliano, ile inayojali msomaji aelewe kama alivyoelewa msikilizaji wa kwanza, kuliko desa zima ulilokariri usiku wa kuamkia mtihani.

Hatua ya 1: Chagua filamu unayoruhusiwa kuitafsiri

Haki ya kutafsiri kazi ni ya mwenye kazi. Ndivyo inavyosema Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Tanzania na Japani zote ni wanachama wa Mkataba wa Berne unaolinda jambo hilohilo. Kwa hiyo kupakua anime, yaani katuni ya Kijapani, ya kampuni kutoka kokote, kuibandika Kiswahili na kuisambaza kwa flashi ni kuchukua cha mtu, hata kama umefanya kwa mapenzi. Anime hizo zitazame kwenye huduma zenye leseni, na tafsiri yake iache kwenye daftari lako la mazoezi.

Kazi ya kusambaza ifanye kwenye filamu za wazi. Taasisi ya Blender ya Uholanzi imetoa katuni fupi kadhaa chini ya leseni ya Creative Commons inayodai kitu kimoja tu: uwataje waliotengeneza. Ukishawataja, unaruhusiwa kupakua, kutafsiri na kugawa. Anza na Sintel ya mwaka 2010. Ina urefu wa karibu dakika 15, ina mazungumzo ya kutosha bila kukuzidi, na inamhusu binti anayemtafuta mtoto wa joka aliyemlea. Usianze na Big Buck Bunny ya 2008. Ni nzuri, watoto wanaipenda, lakini hakuna anayeongea humo, huna cha kutafsiri.

Ukitaka kitu cha darasani, mihadhara ya MIT OpenCourseWare nayo iko chini ya Creative Commons, ila kwa masharti mawili zaidi: usiuze, na tafsiri yako uitoe kwa leseni ileile. Zisome herufi za leseni kabla hujagusa chochote. BY ni kumtaja mtunzi. NC ni kutofanya biashara. SA ni kutoa kwa masharti yaleyale. ND ni kutobadilisha, na tafsiri inahesabiwa kuwa badiliko, kwa hiyo ukiona ND, kazi hiyo iache au uombe ruhusa kwanza.

Hatua ya 2: Pakua bila kuunguza bando

Piga hesabu kabla. Video inayotembea kwa megabiti 1 kwa sekunde inakula MB 7.5 kila dakika. Dakika 15 ni kama MB 112. Ukichagua ubora wa juu wenye megabiti 5 kwa sekunde, dakika hizohizo 15 zinafika MB 560, na kwa kuandika manukuu huhitaji kuona kila unywele wa joka. Unahitaji sauti safi na midomo inayoonekana. Chukua ubora mdogo unaosomeka, basi.

Pakua usiku kama una bando la usiku, au kwenye mtandao wa chuo asubuhi na mapema kabla watu hawajajaa. Lakini usikae ukiutegemea umeme. Mimi faili liliwahi kufika asilimia tisini na kitu, umeme ukakatika, modemu ikazima, nikakasirika nikafuta kile kipande na kuanza upya. Bando likaishia hapo, na bumu lilikuwa bado wiki mbili. Kumbe kipande kile kilikuwa mali. Ukiona faili lenye mkia wa .crdownload kwenye Chrome au .part kwenye Firefox, usilifute. Fungua orodha ya vilivyopakuliwa, bonyeza kuendelea, na mara nyingi litaanzia lilipoishia. Anayejua kutumia mistari ya amri atumie wget -c. Ile -c ndiyo inayoliambia liendelee badala ya kuanza mwanzo.

Kuna hatari moja ambayo nimeiona kwenye flashi nyingi za wanachuo. Windows huficha mkia wa jina la faili. Unaona "kipindi cha 5.mp4", unabonyeza, kumbe jina lake kamili ni "kipindi cha 5.mp4.exe". Hiyo ni programu, na ukiifungua umemkaribisha mgeni usiyemjua ndani ya kompyuta yenye utafiti wako wa mwaka wa tatu. Nenda kwenye mipangilio ya folda uruhusu mikia ionekane. Video huishia na .mp4, .mkv au .webm. Inayoishia na .exe ifute.

Hatua ya 3: Programu

Unahitaji mbili, zote za bure. VLC ya kutazamia, na moja ya kuandikia: Aegisub, ambayo imekua mikononi mwa mashabiki wa anime, au Subtitle Edit kama unatumia Windows. Mimi natumia Aegisub kwa sababu inanionyesha mawimbi ya sauti.

Huna laptopu? Simu inatosha kuanzia. Faili la manukuu ni maandishi matupu, unaweza kuliandika kwa programu yoyote ya maandishi. Linakaa hivi:

1
00:00:12,400 --> 00:00:14,900
Sikutegemea utakuja kote huku kuniona.

Namba ya mstari, muda wa kuingia na kutoka, maneno, kisha mstari mtupu kabla ya namba 2. Kabla ya milisekunde ni mkato, si nukta. Mshale ni vistari viwili na alama ya kubwa-kuliko, na una nafasi pande zote mbili. Ukikosea hapo, mistari inayofuata inaweza isionekane na utahangaika kujua kwa nini. Hifadhi kwa mkia wa .srt.

Hatua ya 4: Panga muda kwanza, maneno baadaye

Wengi hutafsiri kwanza kisha wakatafuta pa kuyaweka maneno. Mimi nakushauri ugeuze. Sikiliza filamu yote mara moja bila kuandika. Mara ya pili, weka mipaka ya kila usemi. Kwenye Aegisub, kitufe cha kushoto cha mausi juu ya mawimbi kinaweka mwanzo, cha kulia kinaweka mwisho. S inakuchezea kipande hicho usikie, G inakubali na kukupeleka mstari unaofuata. Mkono ukizoea, utakuwa kama mtu anayechambua mchele.

Mstari uingie pale sauti inapoanza, na ubaki kama nusu sekunde baada ya sauti kunyamaza. Usikae chini ya sekunde moja, maana jicho halitaushika. Usizidi sekunde saba, maana msomaji ataurudia tena akidhani ni mpya. Picha ikikatika kwenda mahali pengine, mstari wa pale ukatike nayo.

Ukimaliza hatua hii, unajua jambo moja muhimu kuliko yote: kila usemi umepewa sekunde ngapi. Hiyo ndiyo nafasi yako. Tafsiri inaingia humo au haingii.

Hatua ya 5: Tafsiri

Hapa chukua muda.

Watengenezaji wengi wa manukuu hufuata kipimo cha herufi 42 kwa mstari, mistari miwili kwa wakati mmoja, na herufi kama 17 kwa sekunde kwa msomaji mzima, nafasi zikihesabiwa humo. Kwa mtoto wa darasa la tano shusha zaidi. Kiswahili kina maneno marefu, ila kitenzi chake kimoja kinabeba sentensi nzima, kwa hiyo usikate tamaa. Tazama huu mstari wa bibi mmoja kwenye katuni, nilivyouandika mara ya kwanza:

Sikuwahi kufikiria hata siku moja kwamba wewe ungeweza kusafiri umbali wote huu kwa ajili tu ya kuja kuniona mimi.

Herufi 114. Kwa kasi ile unahitaji karibu sekunde saba. Mwigizaji alitumia mbili na nusu. Nilichokuwa nimefanya ni tafsiri sisisi, neno baada ya neno, nikidhani ndiyo uaminifu. Kisha nikajiuliza: huyu bibi angekuwa kwenye kibaraza pale Isevya, mjukuu wake akashuka kwenye treni kutoka Kigoma, angesemaje? Nikapata ule mstari niliouweka juu kwenye mfano wa faili. Herufi 38. Unasomeka, na machozi yake yanabaki kwenye picha ambako ndiko kwao.

Sasa Kijapani. Wengi wetu hatukijui, tunapitia kwenye Kiingereza, na hapo ndipo vitu vinapotea. Habari njema ni kwamba mara nyingi Kiswahili kinacho kile ambacho Kiingereza kilikidondosha njiani, na ukisikiliza sauti badala ya kusoma tu, utakiokota.

Wenzetu Wajapani wakimaliza kazi au mazoezi huambiana otsukaresama. Manukuu ya Kiingereza huandika kwamba kazi ilikuwa nzuri. Mwanafunzi anatafsiri "Kazi nzuri leo," na inasikika kama mkaguzi wa shule. Ukilisikia neno lenyewe, andika "Poleni na kazi." Ndivyo ungemwambia fundi anayeshuka juu ya paa Kanyenye, na ndivyo wale wanavyoambiana. Anayetoka nyumbani asubuhi huaga kwa neno lake na hujibiwa kwa neno lake: "Naenda," "Haya, uende urudi salama." Akirudi jioni anasema tadaima. Nilijaribiwa kuandika "Hodi", lakini hodi ni ya mgeni, na huyu amerudi kwao. "Nimerudi." "Karibu, pole na shule."

Undugu vilevile. Kijapani kinatenganisha kaka mkubwa na mdogo wa kiume kwa maneno tofauti kabisa, na mdogo hamwiti mkubwa wake kwa jina tupu. Kiingereza kina neno moja kwa wote wawili, na mara nyingi huamua kuweka jina. Sisi tuna kaka, tuna dada, tuna mdogo wangu. Binti mdogo akisema onii-chan, andika "Kaka," usiandike jina, hata kama Kiingereza kimeandika jina. Senpai, yule aliyekutangulia shuleni au kazini, mara nyingi ni "kaka" au "dada" pia. Sensei ni mwalimu, lakini wanamwita hivyo daktari pia, na mchoraji wa vitabu vya katuni, kwa hiyo angalia anayeitwa anafanya kazi gani. Mtoto anayemwinamia mzee kwa adabu, mstari ukiruhusu, ampe "Shikamoo." Wengine wanasema huko ni kumgeuza Mjapani kuwa Mnyamwezi. Sikubaliani. Adabu ile ipo tayari kwenye kile Kijapani, nami naiandika kwa neno ambalo msomaji wangu analo. Ambacho sifanyi ni kuwaongezea Kinyamwezi wahusika wa kijijini. Mwenye lafudhi ya Osaka nampa Kiswahili cha mtaani, kilichokatwakatwa kidogo, basi.

Viwakilishi ni zawadi. Kijapani kinaweza kuacha mtenda bila kumtaja, na hadithi nyingi za upelelezi zinaishi humo: hujui muuaji ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza kinahangaika kuficha. Sisi tunaandika "Aliingia usiku" na siri imelala salama ndani ya a-.

Halafu kuna ngeli, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Roboti anapoletwa kwenye hadithi, wahusika wanamwonaje? Kama ni mashine, andika "Limeamka." Siku yule binti anapoanza kumwona kama rafiki, andika "Ameamka." Herufi mbili zimebadilika, na msomaji ameona moyo wa binti ukigeuka bila mtu yeyote kusema neno. Lakini ukilegea, ukaandika "li" mstari wa 40, "a" mstari wa 41, "li" tena mstari wa 42, umeharibu kila kitu. Kwa hiyo weka karatasi pembeni: kila mhusika, ngeli yake, nani anamwita nani vipi, na badiliko linatokea dakika ya ngapi. Karatasi hiyohiyo ikusaidie kwenye wewe na ninyi, maana Kiingereza kina neno moja na picha ndiyo itakayokuambia wanaoambiwa ni wangapi.

Kuhusu maelezo ya mtafsiri yanayowekwa juu ya skrini kueleza neno, mashabiki wa zamani waliyapenda sana. Mimi nayaepuka. Msomaji wa simu yenye skrini ya kiganja hawezi kusoma juu na chini kwa sekunde mbili.

Hatua ya 6: Kata mistari mahali panapopumua

Mstari ukigawanyika mara mbili, usitenganishe jina na kivumishi chake, wala "ya" na kile inachokiunganisha. "Nimeuona mlango wa / nyumba ya babu" unamkwaza msomaji. "Nimeuona mlango / wa nyumba ya babu" unapita. Usome kwa sauti, pale unapovuta pumzi ndipo pa kukata.

Hatua ya 7: Hifadhi, kisha jaribu kwenye televisheni

Hifadhi kwa usimbaji wa UTF-8, yaani namna ya kompyuta ya kuhifadhi herufi. Hata hivyo kuna kitu kimoja kitakachokusumbua: ritifaa ya ng', ile alama ndogo ya juu. Programu za kuandikia nyaraka huigeuza kuwa alama iliyopinda, na televisheni isiyosoma UTF-8 itaonyesha "ngâ€™ombe". Mimi niliipeleka filamu kwa mwenye nyumba kwa fahari, na mstari wa kwanza wenye ng'ombe ukatokea hivyo. Mama akaniuliza, "Baba, hiki nacho ni Kijapani?" Dawa yake: tafuta alama zote zilizopinda kwenye faili lako uzibadilishe kuwa ritifaa iliyonyooka, ile ya kwenye kibodi. Iliyonyooka inasomeka kila mahali.

Faili la video na la manukuu yape jina lilelile, mikia tu itofautiane: sintel.mp4 na sintel.srt, kwenye folda moja. Vichezeo vingi vitayaunganisha vyenyewe. Kama flashi yako imeumbizwa kwa FAT32, haitabeba faili moja linalofika GB 4. Katuni fupi haitafika huko, ila mihadhara mirefu inaweza.

Ukiona maneno yanatangulia au yanachelewa kote kwa kiasi kilekile, kwenye VLC bonyeza G au H. Kila mbonyezo unasogeza milisekunde 50. Hesabu umebonyeza mara ngapi, kisha rudi kwenye Aegisub usogeze mistari yote kwa kiasi hicho. Kama mwanzo unakaa sawa na mwisho unapotea, basi video yako na ile uliyoipangia muda si toleo moja.

Hatua ya 8: Mpe mtu asome, wewe unyamaze

Kaa pembeni ya mtu ambaye hajui Kiingereza wala Kijapani. Usimweleze kitu. Shika daftari, andika dakika ambayo alikunja uso, dakika aliyochelewa kucheka, dakika aliyogeuka kukutazama. Usimuulize kama ni nzuri, atakuambia nzuri kwa adabu. Uso wake ndio unaotosha.

Mtoto wa mwenye nyumba alisoma toleo langu la kwanza akisogeza midomo. Kwenye mistari kumi na moja hakufika mwisho kabla haijaondoka. Nilirudi nikaipunguza yote kumi na moja. Mitatu niliikuta inaweza kufutwa kabisa, maana picha ilikuwa imeshasema. Toleo la pili alilisoma mdomo ukiwa umefungwa, na safari hii hakuniuliza kasemaje. Aliniuliza yule joka ana miaka mingapi.

Toleo jipya lipe namba: sintel-sw-2.srt, sintel-sw-3.srt, usifute la zamani. Mwisho wa filamu ongeza mstari mmoja wenye majina ya waliotengeneza, leseni yake, na chini yake jina lako kama mtafsiri wa Kiswahili.